Ukimuuliza bi harusi, msikilize: rai yangu kuhusu vitufe, kura na saa za kuhesabu kwenye barua pepe za biashara



Leo nazungumza na makundi mawili. La kwanza ni nyinyi wenzangu mnaouza: mafundi cherehani, wapambaji, wapaka hina, wauza udi na manukato, wapika keki. La pili ni nyinyi mnaotarajia kuolewa, ambao ndio tunaowajazia barua pepe asubuhi na jioni. Nataka tuviangalie vile vitu vya kubonyeza ambavyo siku hizi vimejaa kwenye barua za biashara: kura ya kuchagua rangi, maswali ya haraka haraka, saa inayohesabu kurudi nyuma, gurudumu la bahati, picha zinazocheza.

Rai yangu naiweka mbele, ili mwenye haraka aondoke nayo. Kitu cha kubonyeza kina faida pale tu jibu la mteja linapofika kwenye meza ya kukatia na kubadilisha kitu. Akibonyeza na hakuna kinachobadilika, tumemchezea. Na tukimbonyezesha kwa kumtisha au kumdanganya, hata mauzo yakipanda, hakuna la kujivunia.

Barua pepe ya nini wakati WhatsApp ipo?

Swali hili nitaulizwa, kwa hiyo nalijibu kabisa. Wengi wetu hapa kisiwani tunauza kwa WhatsApp na Instagram, na hakuna anayesema tuache. Lakini angalieni wateja wetu. Kuna binti yuko Muscat, mwengine Dubai, mwengine London, na harusi zao zinafanyika hapa hapa nyumbani. Mama ndiye anayekwenda Darajani kutafuta kitambaa, yeye anafuatilia akiwa kazini. Kwa mteja wa namna hii barua pepe ina kazi tatu.

Kwanza ni kumbukumbu. Vipimo, bei, malipo ya mwanzo na siku ya kujaribisha nguo vikiandikwa kwenye barua, hata baada ya miezi mitatu anaandika jina la duka na barua inapatikana. Kwenye WhatsApp vipimo vimezama chini ya picha za maua na sauti za shangazi.

Pili, anaisoma kwa wakati wake. Hakuna anayeona kwamba yuko hewani na kuanza kumuuliza mbona hajibu.

Tatu, na hii ndiyo kubwa kwangu, ni siri yake. Kundi la harusi lina mama mkwe, mawifi, mashangazi na marafiki wa skuli. Ukiweka kura ya WhatsApp humo, kwa kawaida kila mtu anaona nani kachagua nini. Sasa bi harusi anataka shingo iliyofungwa na mikono mpaka kiganjani, na wifi ameshasema mtindo huo ni wa bibi vizee. Unadhani atapiga kura gani mbele ya wifi? Atafuata wengi, halafu siku ya harusi amekaa kwenye kiti anavuta mtandio kila dakika. Swali lile lile likimfika peke yake, kwenye barua yake, atajibu anavyotaka yeye. Mwanamke kuvaa sitara aliyoichagua kwa moyo wake ni jambo zito, haifai liamuliwe kwa kuona haya.

Swali moja, na jibu lenye kazi

Tuchukue sare ya harusi. Tuseme ukumbi utakuwa na wanawake 30 wa sare, kila mmoja mita 4. Hizo ni mita 120. Kama mita moja ni shilingi 8,000, kitambaa peke yake ni shilingi 960,000, bado bitana, uzi na ushoni. Rangi ikikosewa, ile mita 120 hairudi dukani, maana ikishakatwa hakuna wa kuipokea. Fedha yenyewe mara nyingi imechangwa na watu ambao hawana ya kuchanga mara mbili.

Hapo ndipo kitufe kinapokuwa na maana. Barua ina picha tatu za kitambaa, na chini ya kila picha kuna kitufe: “Hii”, “Hii”, “Hii”. Bi harusi anabonyeza, jibu linakuja, fundi anaandika kwenye daftari. Imemchukua muda mfupi, na imemwepusha na maneno marefu ya “ile ya kijani lakini si ile kijani sana”.

Ila nina masharti yangu.

Uliza swali moja tu kwa barua moja. Ukiuliza rangi, shingo, mkono, urefu wa mkia na aina ya shanga kwa pamoja, bi harusi aliyechoka atasema nitajibu baadaye, na hiyo baadaye haiji. Leo rangi. Wiki ijayo mkono.

Weka kitufe cha ziada kinachosema “Bado sijui, naomba unipigie.” Wauzaji wengi hukisahau hiki, na mimi nakiona ndicho muhimu kuliko vyote. Bi harusi asiyejua, ukimlazimisha achague, atachagua ovyo. Ukimpa ruhusa ya kutojua, anapata nafasi ya kuzungumza, na katika mazungumzo ndipo linapotoka la kweli: kwamba pesa haitoshi, kwamba mama anataka nyeupe na yeye anataka rangi ya krimu, au kwamba tarehe ya harusi imesogezwa.

Uliza kwa maneno ya kazi. “Unapenda mkono upi?” ni swali la kupiga soga. “Nikate mkono upi?” ni swali la fundi. Akisikia neno nikate, anajua mkasi umeshikwa, na anafikiri vizuri kabla ya kubonyeza.

Na usikate kwa kura peke yake. Rangi ya kwenye simu si rangi ya kitambaa. Simu moja inang’aa, nyengine imepunguzwa mwanga, na kijani cha zumaridi kinageuka kijani cha majani. Baada ya kura, kata kipande kidogo umpe mama yake akishike, au kitumwe na msafiri mpaka Muscat. Vipimo ni hivyo hivyo. Fomu ya kujaza kifua, kiuno, nyonga na urefu wa mkono inasaidia sana, hasa ikiwa na mchoro unaoonyesha futi inapita wapi, lakini mwambie apimwe na mtu mwengine na siyo ajipime mwenyewe. Na acha nafasi ya kupanua kwenye mishono ya ubavuni mpaka umwone kwa macho.

Huhitaji mitambo mikubwa

Kuna wenzangu wanaogopa wakisikia habari hizi, wanadhani lazima uajiri mtaalamu wa kompyuta. Si lazima, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka 2018 Google walitangaza teknolojia ya barua pepe iitwayo AMP, na mwaka 2019 ikaingia kwenye Gmail. Kwa teknolojia hiyo mtu anaweza kujaza fomu, kuchagua tarehe au kupitia picha moja moja humo humo ndani ya barua, bila kufungua ukurasa mwengine. Inapendeza. Lakini mtumaji anatakiwa kwanza ajisajili na akubaliwe na Google, na pia aandae barua ya kawaida pembeni, kwa sababu programu ya barua ya iPhone haiionyeshi AMP, wala Outlook haiionyeshi. Mimi nasema hiyo ni kazi ya mashirika ya ndege na maduka makubwa ya mtandaoni. Fundi mwenye cherehani nne hana haja nayo.

Kinachotutosha ni kitu cha zamani: picha yenye kiungo. Kila picha ya kitambaa inapelekwa kwenye kiungo chake, mteja akibonyeza anafika kwenye ukurasa mdogo unaosema “Ahsante, umechagua krimu.” Programu nyingi za kutuma barua kwa wateja zinaweza kufanya hivyo, na fomu za Google ni za bure.

Mambo machache ya kuangalia. Maandishi na msimbo wa barua ukizidi takriban kilobaiti 102, Gmail huikata barua na kuweka maneno ya “tazama ujumbe wote” chini, kwa hiyo kitufe ukikiweka mwisho kabisa huenda asikione. Kiweke juu. Picha zinazocheza, baadhi ya matoleo ya zamani ya Outlook ya kompyuta huonyesha picha ya kwanza tu na kuganda hapo, basi hiyo ya kwanza iwe inajieleza yenyewe. Picha ziwe nyepesi, kwa sababu bando ni pesa. Chini ya kila picha andika kwa maneno ni kitambaa gani, maana wengine wamezima picha zisijifungue. Na vitufe viwe vikubwa na vyenye nafasi kati yao. Bi harusi wa siku ya hina anabonyeza kwa ncha ya kidole kimoja, tumwonee huruma.

Saa ya uongo

Sasa nifike kwenye linaloniudhi.

Ile saa inayohesabu kurudi nyuma, masaa, dakika, sekunde, “Punguzo linaisha!” Bi harusi anaiona, moyo unamwenda mbio, analipa malipo ya mwanzo kabla hajashauriana na mama yake. Kesho akifungua barua ile ile, saa imeanza upya. Punguzo halikuwa linaisha. Lilikuwa linamsubiri mwengine wa kutishwa.

Ndugu yake ni lile tangazo la “watu 14 wanaliangalia gauni hili sasa hivi”, na hakuna hata mmoja. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza mtu kupandisha bei ya bidhaa kwa ujanja ilhali hana nia ya kununua, ili mwengine aingie mtegoni. Wanavyuoni huiita najashi. Fatwa wanazo masheikh, mimi ni fundi, lakini sioni tofauti kubwa kati ya mtu wa kukodi anayepiga kelele sokoni na namba ya uongo inayopiga kelele kwenye simu. Na ipo hadithi katika Sahihi Muslim ya muuza chakula ambaye rundo lake lilikuwa kavu juu na limelowa chini. Aliulizwa kwa nini hakuuweka ule uliolowa juu watu wauone. Kwa kazi zetu, uliolowa ni ile hali halisi: kitambaa kimebaki mita ngapi, foleni ya ushoni ina harusi ngapi, punguzo ni la kweli au bei ilipandishwa kwanza.

Tena kuna saa ya kweli, na inauza vizuri tu. Harusi ina tarehe. Mwandikie: “Zimebaki siku 40. Wiki hii tunamaliza vipimo. Bonyeza hapa uchague siku ya kuja kujaribisha.” Chini weka kitufe cha kuingiza tarehe kwenye kalenda ya simu yake. Hapo hesabu inamsaidia yeye. Vivyo hivyo kwa Idi. Kazi za Ramadhani zinatuelemea sote, basi tangaza mapema kwamba unafunga kupokea oda tarehe fulani, na ikifika ufunge kweli, hata kwa shoga yako. Lakini usituwekee saa ya sekunde ya kuhesabu mpaka Idi. Mwezi haujaandama, wewe sekunde umezipata wapi?

Gurudumu la bahati

Hili nalo limeingia. Mteja anazungusha gurudumu kwenye barua, linasimama kwenye “asilimia 10” au “jaribu tena”. Kama anatakiwa alipe chochote ili azungushe, hiyo ni kamari, na kuiremba kwa maua ya harusi hakuibadilishi. Kama halipi kitu, wapo wanaoona ni zawadi tu, na mwenye shaka amuulize sheikh wake.

Mimi silitaki kwa sababu nyengine pia. Wengi wa hayo magurudumu yamepangwa kabla. Muuzaji ameshaamua litasimama wapi, mteja anadhani amebahatika. Kama una asilimia 10 ya kumpa, mpe. Sema, “Kwa kuwa harusi yako iko katika miezi ambayo kazi ni chache, nakupunguzia asilimia 10.” Ameelewa kwa nini, na hatorudi kesho kulilia azungushe tena.

Pigieni kura nguo, msipigie kura wanawake

Kuna mchezo wa “Bi harusi wa mwezi”. Wanawekwa mabibi harusi watano kwenye barua, picha za ukumbini, tuwabonyeze nani kapendeza zaidi. Inaleta mibonyezo mingi sana, hilo silikatai. Watu wanapenda kulinganisha.

Lakini ukumbi wa wanawake una siri yake. Yule binti alivua mtandio kwa sababu hakukuwa na wanaume. Picha yake ikishaingia kwenye barua, nani ataizuia isifike kwa asiyehusika? Hata akiwa amekubali siku ile kwa furaha, mwaka ukipita anaweza kujuta, na barua iliyokwisha tumwa haivutiki kurudi. Na wale wanne walioshindwa? Wiki mbili baada ya harusi wanaambiwa kwamba hawakupendeza. Sioni faida inayolipa hilo.

Yapo mengi ya kupigia kura. Weka gauni kwenye mwanasesere wa duka, au lining’inie kwenye henga. Weka nakshi mbili za shanga, uliza ipi iingie kwenye kazi za msimu ujao. Weka michoro ya hina kwenye karatasi. Tutabonyeza, na tutafurahi, na hakuna dada atakayelia chumbani.

Hodi mara tatu

Sisi watu wa pwani tumefunzwa adabu ya hodi. Unabisha mara tatu, usipojibiwa unarudi zako, huvunji mlango. Barua pepe ni mlango wa mtu. Nikikuuliza mara tatu hujanijibu, nanyamaza, na kama kazi yako iko mkononi mwangu nakupigia simu kama mtu.

Hata wenye mitambo wameliona hili. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanawataka watumaji wakubwa waweke njia ya kujiondoa kwa mbonyezo mmoja, na wanaolalamikiwa sana na wapokeaji barua zao huzuiwa au hutupwa kwenye takataka. Kwa Gmail mtumaji mkubwa ni anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku. Sisi wadogo hatufiki huko, lakini adabu haina mdogo. Kitufe cha “Sitaki tena” kionekane, kisifichwe kwa maandishi ya kijivu. Bi harusi akishaolewa hana haja ya barua zangu za shela. Akitaka nguo za Idi atanitafuta, hasa kama nilimwacha aende kwa wema.

Na majibu yake tuyalinde. Vipimo vya mwili wa mwanamke ni amana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, nyonga ya mteja haihadithiwi barazani. Usichukue taarifa usiyoihitaji. Fundi wa gauni hana haja ya kujua mahari ni kiasi gani, hata kama swali hilo lingepata wajibuji wengi.

Tuhesabu nini?

Wanaouza programu hizi hutuonyesha idadi ya waliofungua barua. Msiitegemee. Tangu mwaka 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakia picha za barua yenyewe hata kama mwenye simu hajaifungua, na hesabu inasoma kwamba amefungua. Hata mibonyezo ina mashaka: mitambo ya usalama ya baadhi ya maofisi hufungua viungo kuvikagua kabla ya mfanyakazi kuiona barua. Unaweza kufurahia mteja aliyebonyeza rangi zote tatu kwa sekunde moja, kumbe ni mtambo.

Mimi nashauri tuhesabu kwa daftari. Ni majibu mangapi yalibadilisha nilichokata? Ni nguo ngapi zilirudi kurekebishwa kwa sababu hatukuelewana, na je, zimepungua? Ni wangapi walibonyeza “nipigie”, na je, niliwapigia wote? Hilo la mwisho ndilo mtihani. Ukiweka kitufe cha “nipigie” na hupigi, afadhali usingeweka.

Na nyinyi mabibi harusi

Msikubali kukimbizwa. Ukiona saa inahesabu, ifunge barua, rudi kesho uitazame. Ikiwa imeanza upya, umeshamjua muuzaji wako. Ukiulizwa swali kwa kitufe, jibu kwa ukweli wako, maana fundi hawezi kushona kilichobaki moyoni. Na kama hakuna kitufe kinachokufaa, usibonyeze cha karibu nacho kwa kuona haya. Bonyeza “jibu”, andika maneno yako mwenyewe, hata mawili: “Nataka mikono mirefu.” Fundi mwenye akili atafurahi kuyapata kabla hajashika mkasi.

Allah azitie baraka harusi zenu na riziki zetu, na atujaalie tuwe wauzaji wanaosema kweli. Amin.